Makali Mapya kwenye Baketi ya Shoveli: Kazi Inavyofanywa Nyansiongo

Makali ya baketi ni bamba la chuma kigumu linalokaa mbele kabisa ya baketi ya shoveli, mahali panapokutana na udongo kabla ya sehemu nyingine yoyote ya mashine. Nyuma yake upo mdomo wa baketi: chuma kinene kilichochomelewa kwenye sakafu na mashavu tangu kiwandani, kinachobeba nguvu yote ya kusukuma, kuzoa na kuinua. Makali huwekwa ili yaliwe. Mdomo ukianza kuliwa, baketi hupoteza unyoofu, mashavu hutanuka, sakafu hukunjika kwa mbele, na tengenezo linalohitajika hapo ni kukata sehemu nzima na kuijenga upya. Bamba la makali hata likionekana ghali dukani, bado ni rahisi kuliko kile linachokikinga.

Njia za kulifunga ni mbili. Kwenye shoveli kubwa za magurudumu, bamba hufungwa kwa bolti maalumu zenye shingo ya mraba na kichwa kinachozama ndani ya chuma, ili udongo uteleze juu yake bila kukwama. Mara nyingi bamba hilo huwa limegawanywa vipande, cha kati na vya pembeni, na kila kipande kinaweza kugeuzwa makali ya upande mmoja yakiisha. Kwenye beko, mashine ambayo wengi huiita JCB hata ikiwa ya kampuni nyingine, baketi ya mbele ina upana wa kama mita 2.3 na mara nyingi makali yake huchomelewa. Bamba la urefu huo, lenye upana wa milimita 200 na unene wa milimita 20, lina uzito wa kilo 72 hivi, kwa hiyo ni mzigo wa watu wawili au zaidi na jeki, hata kabla ya weldi kuanza. Njia hii ya pili ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo inayohitaji kuelezwa kwa kirefu.

Nyansiongo iko Borabu, katika Kaunti ya Nyamira, kwenye barabara itokayo Keroka kwenda Sotik, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya mashamba yaliyogawiwa wakulima katika miaka ya 1960 kutoka mikononi mwa walowezi wa Kizungu, na leo ina ng'ombe wa maziwa, mahindi, na chai inayopelekwa kwenye kiwanda cha Nyansiongo kilicho chini ya KTDA, shirika la maendeleo ya chai la Kenya. Majani mabichi ya chai hayasubiri. Yakikaa muda mrefu baada ya kuchumwa hupata joto, huwa mekundu na kupoteza ubora, kwa hiyo lori linaloyakusanya kutoka vituo vya kupimia ni lazima lipite siku hiyohiyo. Mvua za nyanda za Kisii, zinazozidi milimita 1,500 kwa mwaka na kunyesha karibu kila mwezi, huchimba barabara zinazopitiwa na lori hilo bila kupumzika. Muramu humwagwa, husambazwa, husombwa na maji, kisha humwagwa tena. Shoveli na beko zinazopakia muramu huo machimboni hazina msimu wa kulala.

Udongo mwekundu wa mashamba ya huko ni laini kwa chuma. Kinachokula makali ni muramu wenye chembe za kwatzi, na mawe magumu yanayochanganyika nao. Ukingo wa Manga, unaoonekana kutoka mbali katika nchi ya Wagusii, ni mwamba wa kwatzaiti, ambao sehemu yake kubwa ni kwatzi hiyohiyo. Kwatzi ina ugumu unaozidi 1,000 kwa kipimo cha Vickers. Bamba bora la makali linalouzwa sokoni lina ugumu wa 500 kwa kipimo cha Brinell, ambao ni kama 530 kwa Vickers. Chuma cha kawaida cha kujengea mageti na mabanda hakifiki hata 200. Maana yake ni kwamba hakuna makali ya chuma yanayoishinda kwatzi, na anayenunua bamba gumu ananunua muda tu. Muda huo una thamani, lakini ugumu uleule unaoupatia bamba umri mrefu ndio unaolifanya lipasuke likichomelewa vibaya, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Wakati wa kubadilisha hutambuliwa kwa kupima umbali uliobaki kati ya ncha ya makali na ukingo wa mdomo. Ukibaki milimita 10 hivi mahali popote, hata kama sehemu nyingine bado ni pana, bamba limekwisha. Ulikaji huwa haulingani. Dereva anayetumia kona moja kukwaruza mitaro huimaliza kona hiyo mapema. Anayeishindilia baketi chini hadi magurudumu ya mbele yakainuka, akidhani anasawazisha barabara vizuri zaidi, hula makali kwa haraka isiyo na faida yoyote, kwa sababu uzito wa mashine nzima unasagwa juu ya ukingo wa chuma wenye unene wa vidole viwili.

Mashine huegeshwa mahali pagumu na tambarare. Baketi huinamishwa ili kiungo kinachochomelewa kilale, kisha mikono yake huwekewa magogo au stendi za chuma. Hakuna anayepaswa kuingia chini ya baketi inayoshikiliwa na mafuta ya haidroli peke yake, kwa sababu mpira mmoja ukipasuka uzito wote hushuka papo hapo. Nyaya za betri hufunguliwa, na kwenye mashine za kisasa plagi za kompyuta zake pia. Kibano cha ardhi cha mashine ya weldi hufungwa kwenye baketi yenyewe, karibu na mahali pa kuchomelea. Kikifungwa kwenye chasisi kwa kuwa ndipo palipo karibu na fundi, umeme hulazimika kupita kwenye pini na bushi za mikono, na huacha madoa ya kuungua ndani yake ambayo baadaye huonekana kama uchakavu usioeleweka.

Bamba la zamani lililochomelewa hukatwa kwa gesi au kusagwa kwa grinda. Mwali wa gesi hauelekezwi kwenye mdomo. Mkato hupitishwa ndani ya mshono wa zamani ukiacha milimita 2 au 3, na hizo ndizo huondolewa na grinda hadi mdomo uonekane. Fundi mwenye haraka hukata hadi kwenye mdomo wenyewe na kuacha mashimo mashimo, kisha huyajaza weldi. Kila shimo lililojazwa hivyo ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Bolti za zamani, pale zilipo, huwa zimeshikwa na kutu kiasi kwamba nati hukatwa kwa gesi badala ya kufunguliwa. Zinapogongwa nje kwa nyundo, miwani ya kinga ni lazima, maana chuma kigumu kikigongwa kwa chuma kigumu hurusha vipande vidogo kwa kasi ya kutoboa jicho.

Mdomo ukiwa wazi, uzi huvutwa kutoka kona hadi kona. Mdomo uliopinda haufichwi kwa bamba jipya. Bamba nyoofu likilazimishwa kwenye mdomo uliopinda hukaa na mvutano wa kudumu, na mvutano huo huongezewa kazi ya kila siku. Mdomo kwanza hupashwa moto na kusukumwa kwa jeki hadi unyooke. Nyufa hufuatwa na grinda hadi mwisho wake, si hadi pale jicho linapoishia, kisha hujazwa. Rangi, kutu, grisi na udongo huondolewa hadi chuma king'ae kwa upana wa vidole vitatu kila upande wa mshono. Usafi huu una sababu ya kikemia: rangi, grisi na kutu vyote vina haidrojeni ndani yake, ama kama mafuta au kama maji yaliyoshikamana na kutu, na mwali wa umeme huiachilia iingie kwenye chuma kilichoyeyuka, ambako baadaye huweza kuzaa ufa.

Hapo hufika swali la bamba gani litumike, na jibu linalopendwa sana katika gereji za jua kali ni bleri ya greda iliyotumika. Sababu zake zinaeleweka. Bleri hutengenezwa kwa urefu wa futi 6, 7 au 8. Ile ya futi 8 ni mita 2.44, inatosha baketi ya beko na kubaki kipande. Unene wake ni wa kufaa, ugumu wake ni halisi, na ipo kwenye yadi yoyote yenye greda. Lakini bleri nyingi za greda ni chuma chenye kaboni nyingi, mara nyingine karibu asilimia 0.8, wakati mabamba yaliyoundwa kwa ajili ya kuchomelewa hupata ugumu wake kwa kaboni isiyozidi kama asilimia 0.3 pamoja na boroni kidogo sana na kupozwa kwa haraka kiwandani. Kwa bolti, ambayo ndiyo kazi iliyoundiwa, bleri hudumu bila shida. Ikichomelewa kwa mkono wa kawaida, ukanda mwembamba kando ya mshono hugeuka kuwa mgumu na mkavu kama kioo, na bamba hudondoka zima, mara nyingi likiwa na mshono mzuri usio na kasoro uliobaki kwenye mdomo. Fundi hulaumiwa kwa weldi dhaifu, ilhali weldi ndiyo iliyosimama na chuma kilicho kando yake ndicho kilichovunjika.

Grinda huweza kutofautisha vyuma hivi viwili kabla ya hasara. Chuma chenye kaboni kidogo hutoa cheche ndefu zenye mistari iliyonyooka na matawi machache. Chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche fupi, nyingi, zinazopasuka kila moja kuwa nyota. Kipande cha chuma kinachojulikana kikisagwa kando yake kwa kulinganisha, tofauti huonekana hata kwa mwanafunzi. Bleri yenye nyota nyingi ifungwe kwa bolti, hata kama itabidi mdomo utobolewe. Kuichomelea kunawezekana kwa rodi za chuma kisichoshika kutu, aina ya 309 au 307, kwa kuwa mshono wake ni laini, hunyumbulika na huizuia haidrojeni isihamie kando. Ila bei ya rodi hizo hupunguza faida ya kutumia chakavu, na ukanda mkavu ulio kando ya mshono hauondoki.

Kwa bamba la boroni lililonunuliwa kwa kazi hii, mambo mawili huamua kama litakaa: ukavu wa rodi na joto la chuma. Yote mawili yana ugumu wake wa pekee katika mahali penye baridi na unyevu kama Nyansiongo.

Rodi inayotumika zaidi katika gereji za mashambani ni 6013. Inawaka kwa urahisi, gamba lake hutoka lenyewe, na mashine yoyote ya weldi huiendesha. Kwa mageti ni rodi nzuri. Kwa makali ya baketi haifai, kwa sababu koti lake hupeleka haidrojeni nyingi kwenye mshono. Rodi inayofaa ni 7018, ambayo koti lake lilibuniwa kwa lengo la kupunguza haidrojeni. Alama ya H4 au H8 kwenye pakiti humaanisha kwamba haidrojeni haizidi mililita 4 au 8 katika kila gramu 100 za mshono. Mafundi wengi huiepuka kwa sababu ya kweli kabisa: mashine za weldi za jua kali zinazotoa umeme wa kupishana, zenye volti ndogo kabla ya kuwaka, huifanya inase kwenye chuma kila mara. Mashine ndogo za inveta zinazotoa umeme mnyoofu, ambazo sasa zimeenea, zimeondoa kikwazo hicho. Rodi hufungwa upande chanya, na ile ya milimita 3.2 hutumia kati ya ampea 100 na 140. Pale umeme wa mtaa unaposhuka jioni, jenereta hutoa kazi iliyo sawa zaidi.

Tatizo la 7018 ni kwamba wema wake wote unategemea ukavu. Koti lake hunyonya unyevu wa hewa. Kanuni za Marekani za kuchomelea majengo ya chuma huruhusu rodi za kundi hilo kukaa nje ya tanuri kwa saa 4 tu. Baada ya hapo hukaushwa upya kwa saa 2 katika nyuzijoto kati ya 260 na 430. Pakiti iliyofunguliwa wiki iliyopita na kuachwa kwenye rafu ya kibanda cha mabati, mahali ambapo ukungu huingia kila asubuhi, haina tena haki ya kuitwa rodi ya haidrojeni ndogo, haijalishi alama iliyoandikwa juu yake. Kuziweka juani hakutoshi, maana jua hukausha uso na kuacha maji yaliyojifunga ndani ya koti. Tanuri la kuokea mikate la nyumbani huishia kwenye nyuzijoto 250 hivi, chini kidogo ya kinachotakiwa, ingawa ni bora mara nyingi kuliko kutofanya lolote. Njia ya uhakika kwa gereji isiyo na tanuri ni kununua pakiti ndogo zilizofungwa bila kupitisha hewa, kufungua moja wakati chuma kimeshapata joto, na kuimaliza.

Sababu ya uangalifu huu ni namna ufa wa haidrojeni unavyotokea. Unahitaji vitu vitatu vikutane: haidrojeni ndani ya mshono, chuma kigumu kando yake, na mvutano unaotokana na mshono kujikunyata unapopoa. Bamba la makali lina ugumu kwa asili yake. Mvutano hauepukiki, kwa kuwa bamba limebanwa kwenye mdomo mnene. Kinachobaki mikononi mwa fundi ni haidrojeni. Na ufa huo hauji wakati wa kazi. Huja chuma kikishapoa, baada ya saa kadhaa, hata saa 48, mashine ikiwa imesharudi machimboni.

Joto la awali, yaani kupasha chuma kabla ya kuchomelea, husaidia kwa njia mbili: hupunguza kasi ya kupoa ili ukanda wa kando usiwe mkavu mno, na huipa haidrojeni muda wa kutoka. Kwa bamba la ugumu wa 500 lenye unene wa milimita 20, joto la kati ya nyuzijoto 150 na 200 linatosha. Likizidi 225 hivi, bamba huanza kupoteza ugumu ulionunuliwa. Mwali wa gesi hupitishwa polepole kwa upana wa angalau milimita 75 kila upande wa mshono, kwenye mdomo pia, kwa sababu mdomo ndio mnene na ndio unaonyonya joto. Dakika za kwanza chuma huonekana kinatoka jasho. Maji hayo hayatoki ndani ya chuma kama inavyodhaniwa. Ni mvuke wa mwali wenyewe unaoganda juu ya chuma baridi, na hukauka joto likipanda. Kipimo bora ni chaki ya joto inayoyeyuka kwa nyuzijoto maalumu, au kipimajoto cha mwanga kikielekezwa kwenye sehemu iliyo nyeusi, maana chuma kinachong'aa hukidanganya. Pasipo vyote viwili, tone la maji hutoa dalili: likichemka na kutoweka mara moja, joto limepita 100, likikimbia juu ya chuma bila kushika, limefika 200 au zaidi na mwali uondolewe. Kupima hufanywa upande wa pili wa chuma, baada ya kusubiri kidogo, ili joto la uso lisihesabiwe kuwa la bamba lote.

Bamba huwekwa chini ya mdomo na kubanwa kwa jeki na vibano hadi nafasi isionekane. Nafasi ya milimita 3 inayojazwa na weldi hugeuka kuwa ufa uliopangwa tayari. Nukta za kushikiza huwa na urefu wa milimita 50 hivi, na hupigwa chuma kikiwa na joto, kwani nukta ndogo kwenye chuma baridi ndiyo hupoa haraka kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Mshono huanzia katikati na kwenda pande zote mbili kwa vipande vifupi, ukibadilishana juu na chini, ili bamba lisijikunje kama upinde. Kishimo kinachobaki mwishoni mwa kila kipande cha mshono hujazwa kabla ya rodi kuinuliwa, na gamba hupigwa na kusuguliwa kwa brashi ya waya kabla ya safu inayofuata. Kuwasha rodi kwa kuikwaruza juu ya bamba, nje ya mshono, huacha doa dogo gumu ambalo linaweza kuzaa ufa. Kwenye kona, mshono huishia milimita 40 hivi kabla ya ukingo, kwa sababu kona ndiyo inayopokea kishindo cha kila jiwe.

Kazi ikiisha, chuma hakimwagiwi maji wala hakiachwi kwenye upepo wa jioni. Hufunikwa kwa mchanga mkavu au jivu. Viwanda vya chai huchoma kuni kwenye boila zake, kwa hiyo jivu ni kitu cha karibu katika nchi hii. Sharti ni liwe kavu kabisa. Chuma kinachofunikwa mchana hufunuliwa kesho yake kikiwa bado na uvuguvugu. Ukaguzi wa macho wa papo hapo hufichua mashimo na mshono usioshika, lakini hukumu ya kweli husubiri siku mbili. Pasipo dawa maalumu za kugundua nyufa, mafuta ya taa hupakwa juu ya mshono, huachwa yanywee, hufutwa kwa makini, kisha chaki ya unga hupakwa juu. Ufa hujichora wenyewe kama mstari mweusi kwenye weupe huo. Mwenye mashine anayekataa siku hizo mbili kwa sababu kazi ya muramu inamngoja anaweza kumalizia kwenye suluhisho la bolti, ambalo halina kusubiri.

Kwenye bolti, nguvu ya kazi huwa katika usafi wa nyuso. Rangi iliyobaki kati ya bamba na mdomo, au udongo ndani ya tundu la mraba, husagika baada ya siku chache, na bolti iliyokuwa imekazwa hubaki imelegea. Bolti huwa mpya kila mara, za daraja lililoandikwa na mtengenezaji, kwa sababu bolti iliyokazwa na kupigwa mawe mwaka mzima imeshavutika. Hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, vichwa hugongwa kwa nyundo vikae, kisha hukazwa tena kwa spana ya kipimo. Baada ya saa chache za kwanza za kazi mashine husimamishwa na bolti zote kukazwa upya, na baada ya hapo hukaguliwa kila asubuhi pamoja na mafuta na maji. Makali ya upande mmoja yakikaribia mdomo, bamba hufunguliwa, nyuso husafishwa, na bamba hugeuzwa ili upande ambao haujaguswa uanze kazi.